Stakabadhi ya Kilo Mia Tatu na Kumi na Mbili

Usiku wa Kitangari ukishapoa,
Salmini akishazima redio na kugeukia ukuta,
huanza: krr, krr, nyuma ya magunia.
Si njaa hiyo. Meno yake hayakomi kuota.
Asipotafuna, yatakua hadi yamfunge kinywa,
basi anatafuna mlango, kandambili, kipande cha sabuni,
hata mwiko alioniachia mama.

Simwoni. Naye hanioni vizuri;
macho yake ni mbegu mbili za mchicha.
Anaisoma nyumba yangu kwa masharubu,
ubavu mmoja ukutani, siku zote ukutani,
pale pale alipopita jana, mpaka udongo mwekundu
umepata mstari mweusi wa mafuta ya manyoya,
kama kola ya shati la mwanafunzi.
Mlango wake ni tundu linalomeza kidole changu cha mwisho.
Fuvu likipita, mwili wote hufuata.
Katikati ya sakafu hapiti.
Hapo ni petu sisi wenye miguu mikubwa.

Shemeji yangu wa Mahuta akisikia "panya"
mate humjaa. Lakini yule ni wa shambani,
samaki nchanga, mla mihogo na mbegu za nyasi,
aliyebanikwa kwenye kijiti sokoni.
Huyu wa ndani haliwi. Anakula mishumaa.
Anakula kidogo hapa, kidogo pale,
mahali ishirini kwa usiku mmoja,
na kila mahali anaacha tone la mkojo
kama karani anayegonga muhuri.
Maji hadai. Jasho la mtungi linamtosha.

Korosho hakuzila, nimpe haki yake.
Alijaribu moja: alama mbili za meno, kisha basi.
Ganda lile lina mafuta yanayobabua,
sisi tunayajua kwa vidole, yeye kwa ulimi.
Alichotaka ni gunia lenyewe, nyuzi zake,
na juu ya gunia, ndani ya mfuko wa rambo,
stakabadhi yangu.

Niligundua Jumatano, chama kilipotangaza malipo.
Nikasogeza gunia: watoto saba,
wekundu kama ndimi, bila nywele, macho yamefumbwa,
na kwa jinsi ngozi ilivyo nyepesi
maziwa yalionekana meupe tumboni mwa kila mmoja.
Mama yao alibeba mimba wiki tatu.
Mimi nilibeba karatasi ile miezi minne.

Walilalia mia tatu na kumi na mbili.
Walijifunika jina langu: "Somoe Nam", basi.
"Kilo." "Daraja la kwan."
Salmini akasema, Kanyaga.
Nikasema, Lete kwanza sahani.

Nikaokota tarakimu moja moja kwa ncha ya sindano,
nikawaachia pasipoandikwa kitu,
pambizo, na nembo ya chama.
Asubuhi hawakuwapo. Aliwahamisha kwa mdomo
mmoja mmoja, safari saba kando ya ukuta ule ule.
Wapi, sijui. Wiki sita zikipita
wale wa kike nao watatafuta karatasi;
sitaki hesabu hiyo, nimeshachoka na hesabu.

Katibu Hokororo alitandaza vipande mezani.
Hakucheka. Akaagiza uji mzito wa muhogo kwa mama ntilie,
akabandika, tatu, moja, mbili,
akapuliza, akatia saini juu ya mshono,
akafungia kwenye droo.
"Nenda, mama. Ijumaa."

Nilifika mlangoni nikarudi.
Nikainama, nikapapasa nyuma ya meza yake,
kidole changu cha mwisho kikazama.
"Katibu," nikasema, "uji ule
walitia chumvi?"